Hesabu ya Kiti cha Saba

Jumanne, Alhamisi, Jumamosi.
Basi la saa kumi na moja alfajiri, Winnipeg,
nyuzi thelathini chini ya sifuri,
kope zinagandana nikipepesa.
Chini ya koti, chini ya sweta, chini ya kanga
niliyojifunga kifuani kama mzazi wa juzi,
nimebeba mlango.

Mlango wenyewe ni mirija miwili,
kifuniko chekundu, kifuniko cha buluu,
imepita chini ya mtulinga ikashika njia
hadi kizingiti cha moyo.
Kwetu husema, usipoziba ufa.
Ufa wangu kautoboa daktari bingwa,
nami nikatia saini.

Marivic ananawa. Simtazami uso, namtazama vidole:
baina yake, chini ya kucha, kifundo.
Mikono imechanika kwa dawa na baridi,
ina nyufa nyembamba kama sahani ya urithi.
Anavaa barakoa, ananivalisha yangu.
"Geuka, Bi Kheri."
Nageukia dirisha
kama anayemsitiri mwenzake akibadili nguo.
Halafu anasugua mdomo wa mrija,
si kupaka, kusugua,
nami nahesabu kwa sauti.
Moja, mbili, tatu.
Mwaka wa pili huu, hesabu ameishika;
kumi na tano huivuta, "tanooo,"
kisha anangoja ikauke.
Ikauke. Hapo ndipo wenye haraka hukosea.

Ukutani kuna ubao: siku bila maambukizi ya damu.
Ulisoma mia mbili na kumi na moja
asubuhi Orest wa kiti cha nane alipoanza kutetemeka.
Mkulima wa ngano, mtu wa mabega.
Tulidhani baridi, tukamwongeza blanketi.
Meno yakagongana, nikayasikia juu ya mlio wa mashine.
Kumbe mgeni keshaingia,
hakupiga hodi.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
si mgeni huyu.
Wiki sita za dawa. Vali ya moyo imeliwa ukingoni.
Mtu akafuta ubao kwa kiganja, akaandika sifuri,
na wino wa zamani ukabaki nyuma yake, hafifu.

Aliporudi akaninong'oneza:
"Nilioga. Siku moja tu.
Nilitamani maji yanipige mgongoni."
Sikumlaumu.
Mimi nywele naoshea sinkini, nimeinama,
binti yangu Shufaa kashika taulo begani
kama kinyozi aliyekasirika.
Na josho likinipasa, juu ya bandeji napangusa tu.
Hilo dini iliniruhusu
kabla hospitali haijanikataza.

Sasa niseme la jana.
Mashine ya kiti cha pili ililia, Marivic akakimbia.
Akaja kijana mgeni, kitambulisho bado kinang'aa,
glavu tayari mikononi,
glavu zilizoshika pazia, zilizoshika kalamu,
zilizovuta kigoda kwa mguu wake,
akanyoosha mkono kifuani pangu.

Nimelelewa kutomwamrisha anayenihudumia.
Neno likanikaa kooni kama mwiba wa changu.
Nikautazama ubao: arobaini na tatu.
Orest akafumbua jicho moja.
Nikafunika mirija kwa upindo wa kanga,
juu yake nikaweka kiganja.

"Mwanangu, mikono kwanza."

Kiswahili kilitoka chenyewe.
Neno hakulielewa, kiganja alikielewa.
Masikio yakamwiva. Akavua glavu, akanawa,
akavaa nyingine, akakumbuka barakoa,
yake, kisha yangu.
Akasugua.
Nilihesabu taratibu, kwa ukali kidogo, naungama.
Penye nane mkono wake ukalegea,
akanitazama juu ya barakoa.

Tisa, nikasema.